Diski Uliyoifunga kwa Kanga

Nachingwea,
Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Zainabu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, nasikitika kutangaza kwamba printa ya baba yako imegoma kazi leo saa nane na robo mchana. Ndugu, jamaa na majirani wa Nachingwea mjini wanaarifiwa kwamba haijafa. Ni nzima, ina umeme, ina karatasi, na wino nimeujaza mwenyewe kwa bomba la sindano la duka la dawa. Imekataa tu. Inasema wino huo si wa kiwandani kwake, na yenyewe inautambua wino wa kwao kama mbuzi anavyomtambua mwanawe. Rambirambi zipelekwe kwa mwandishi wa barua hii, ambaye sasa analazimika kukuandikia kwa mkono, na mwandiko wake unaujua.

Nilitaka uipate imechapwa. Binti anakwenda chuo kikuu kusomea kompyuta, baba yake ana steshenari yenye kompyuta tatu, halafu barua inaandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la mistari! Nimeifungua ile chupa ya wino ndani ya printa nikaikagua. Ina kidude kidogo cha shaba, si kikubwa kuliko punje ya ufuta. Kazi yake ni kuhesabu karatasi na ikifika idadi fulani kusema wino umekwisha, hata kama wino upo unachezacheza humo ndani. Mtu na akili zake, msomi, amekaa ofisini na kiyoyozi, ameandika programu ya kusema uongo juu ya wino. Na kalipwa.

Ya safari sitayagusa. Mama Mkubwa amekuja toka Chiola na amekwisha kukuambia habari ya maji ya kuchemsha, wanaume wa Dar es Salaam, na mahali pa kuficha vyeti basi linaposimama. Sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo asingeniruhusu.

Langu ni moja, na linahusu ile diski ya kompyuta ya dukani.

Jana nilikuona ukiifunga. Uliiviringisha kwenye kanga ya mama yako, ukaishindilia katikati ya nguo ili isigongwe. Nikakusikia unamwambia Mama Mkubwa: "Chuoni kuna wataalamu. Radi haiwezi kuunguza kila kitu. Watanitolea sauti ya mama."

Mama Mkubwa alinitazama mimi. Wewe ulikuwa umeinamia begi hukuona. Baadaye akanifuata dukani, akasimama mlangoni kama askari.

"Shemeji, mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini? Miaka saba hii unasema nitamwambia. Basi linaondoka kesho asubuhi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi kituoni, na mimi sijui kusema kwa upole."

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujapanga foleni kwa mtaalamu yeyote: ile habari niliyokupa ya radi ina walakini. Nitakueleza yote, ila utaniwia radhi nianzie mbali kidogo. Watu wa kompyuta ndivyo tulivyo, tukiulizwa saa tunaanza kueleza jinsi saa inavyotengenezwa.

Unajua ninavyochukia vitu vilivyofungwa. Umekua ukinisikia nikigombana navyo. Unaikumbuka ile deki tuliyoletewa zawadi kutoka Ulaya, ikakataa kucheza diski yoyote iliyonunuliwa huku, ikidai kwamba sisi tuko kanda nyingine ya dunia? Nilikaa nayo siku tatu. Nilimwambia kila mteja aliyeingia dukani: jembe ukilinunua Nachingwea haligomi kulima Ruangwa! Jembe halikuulizi shamba ni la nani! Na ile simu ya mwalimu mwenzangu iliyokubali laini ya kampuni moja tu, akawa anatembea na simu mbili kama mtu mwenye wake wawili, kila mmoja hataki kumwona mwenzake. Na ile sidii ya muziki, ya dukani kabisa, halali, ambayo ukiiweka kwenye kompyuta inajifanya haina kitu. Aliyeinunua kwa haki hasikilizi. Aliyenakili mtaani anasikiliza hadi anacheza. Hebu niambie, hapo aliyeadhibiwa ni nani?

Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unasema, "Baba, deki haikusikii." Wewe ulidhani nagombana na deki.

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe ni fundi wa makufuli. Nimeyaandika kwa mikono yangu.

La kwanza hujawahi kusimuliwa, maana linanidhalilisha. Miaka ya tisini, nikiwa bado nafundisha hesabu, nilijifunza kuandika programu kwa kitabu kisicho na jalada na kompyuta iliyowaka ikijisikia. Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya kupanga ratiba ya masomo. Unaingiza walimu, unaingiza madarasa, inakupangia nani aingie wapi. Nilijiona nimefika. Shule moja upande wa Ruangwa ilikuwa imepata kompyuta ya msaada pamoja na jenereta, wakaichukua programu yangu. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimefika, nikaiwekea ulinzi. Haifunguki mpaka uingize disketi maalumu niliyotengeneza mimi, moja tu, haikopiki.

Haukupita muhula. Dereva wa lori la korosho akaniletea kikaratasi kutoka kwa mkuu wa shule: "Programu yako inasema sisi ni wezi. Njoo uione."

Nilikwenda kwa baiskeli. Nilipata pancha Nkowe, nikatembea, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Mkuu wa shule alikuwa mzee mwembamba mwenye maneno.

"Karibu, Mwalimu. Wezi wako tupo hapa."

"Samahani, mkuu. Ile disketi iko wapi?"

"Tumeitunza. Tena vizuri. Tumeiweka juu ya spika ya redio isipate vumbi."

Nilikaa chini. Spika ina sumaku, na disketi huandikwa kwa sumaku. Ilikuwa imefutika, nyeupe kama kanzu ya Idi. Shule ilikuwa wiki ya pili bila ratiba, walimu watatu wanakutana mlango wa darasa moja, darasa la jirani wanaimba.

"Nieleze taratibu," akasema mzee. "Umetutengenezea mlango. Ukaweka kufuli. Ukatupa ufunguo mmoja unaofutwa na redio?"

"Ndiyo, mkuu."

"Na ulikuwa unamzuia nani?"

"Shule nyingine, mkuu. Zisinakili."

"Shule gani nyingine huku ina kompyuta?"

Nikazihesabu kichwani. Haikuchukua muda, Zainabu. Hakuna.

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Nilifungua ile programu, nikaomba radhi, nikanywa chai yao, nikarudi. Na njiani, nakwambia ukweli, sikuwa nawaza kwamba kufuli ni upuuzi. Nilikuwa nawaza jinsi ya kutengeneza kufuli bora, lisilotegemea disketi.

Sasa nije kwa mama yako.

Alipougua mara ya mwisho ulikuwa na miaka tisa. Yeye alijua kabla yetu sote. Kwetu mama hamfundishi mwanawe unyagoni, hiyo ni kazi ya somo, yaani kungwi wake, na wakubwa. Lakini siku mwali anapotolewa mama anakuwepo, na anakuwa na maneno yake. Mama yako alipiga hesabu akaona siku hiyo hatakuwepo.

"Baba Zai, nipe kaseti."

"Ya nini?"

"Mambo ya wanawake. Nipe kaseti, halafu uende ukatembee."

Kaseti ndefu nyumbani ilikuwa moja tu, kaseti yangu ya dansi, niliyoipenda kuliko mashati yangu. Na ilikuwa imevunjwa ule ulimi wa nyuma, ule ambao ukivunjwa redio haikubali kurekodi juu yake. Nikamwambia kwa furaha kabisa, "Hii haiwezekani, imefungwa." Akachana kipande cha karatasi kwenye daftari lako la sayansi kimu, akakikunja, akaziba kile kitundu, akabonyeza kitufe chekundu. Ikarekodi. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama ninapojifanya mtaalamu.

Nimefikiria sana kile kitundu. Katika makufuli yote niliyopata kuyaona, hilo ndilo la kiungwana. Linakuzuia usifute kwa bahati mbaya, lakini kitu kikiwa chako na ukiwa na sababu, kipande cha karatasi kinatosha. Aliyelibuni alikumbuka kwamba wenye vitu ni watu wazima. Ukija kuandika programu zako huko mbele, na utaandika nzuri kuliko zangu, mkumbuke huyo mtu.

Nikatoka kwenda kutembea. Niliporudi, kaseti ilikuwa mezani, kile kikaratasi kimetolewa, na mama yako amelala ametulia. Akaniambia, "Siku Zai anatolewa, dada amsikilizishe. Wewe hayakuhusu. Wala mwanamume yeyote." Nikaahidi.

Alipofariki nikaiweka kabatini. Na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi, kwa bahati mbaya. Kaseti ile ilikuwa bado na lebo ya zamani, imeandikwa "Dansi" kwa mkono wangu. Siku moja rafiki yangu mmoja, mtu mwema tu, alikuja nyumbani kunipa pole, akaiona, akaichukua aende kuipiga dukani kwake sokoni. Alikwisha kuitia mfukoni. Nilimkimbilia hadi barabarani. Niliirudisha kabatini. Nikaona maneno ya mke wangu, maneno ya wanawake, yanatangazwa kwenye spika za sokoni mbele ya wauza samaki wakavu, na baada ya wiki yananakiliwa na kila mwenye redio ya deki mbili.

Ningeweza kubadilisha lebo. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu wakati huo. Kalamu moja, neno moja. Ningeweza kumpelekea Mama Mkubwa Chiola akaitia sandukuni chini ya kanga zake, na hakuna mwanamume ambaye angethubutu. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kompyuta.

Nikaunganisha redio na kompyuta kwa waya, nikaiingiza ile sauti yote ndani. Halafu nikaandika kufuli. Wiki mbili nzima, mwanangu. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Neno la siri alilichagua Mama Mkubwa na sikulijua mimi. Faili lilifungamanishwa na mashine yenyewe, lilijua namba ya diski lilimokaa, hivyo mtu akilinakili kwenda kompyuta nyingine halifunguki. Na mtu akilazimisha mara tatu, linajifuta lote, mahali pa kila neno linaandika sifuri, asije fundi yeyote akalifufua.

Halafu nikamalizia kazi. Kufuli lina faida gani kama nakala ya wazi ipo kabatini? Nikaivuta ile kaseti utepe wote, nikauchoma uani pamoja na majani makavu ya mkorosho. Nilijisikia nimefanya jambo kubwa. Nilijiona mlinzi.

Sasa ukweli wa siku yenyewe, bila kuzunguka tena.

Ulikuwa ndani unyagoni na wenzako, na siku ya kutolewa ilikuwa imebaki kesho. Mama Mkubwa akaja dukani asubuhi kuijaribu ile sauti kabla sijaihamisha kompyuta kwenda nyumbani. Nikampa kiti, nikageuza uso. Akaandika neno lake. Kompyuta ikajibu kwamba hii si mashine inayohusika.

"Inasema hainihusu," akasema.

"Umekosea herufi, shemeji."

"Sijakosea."

"Jaribu tena, taratibu."

Akaandika kwa kidole kimoja, akisema kila herufi kwa pumzi. Ikamkatalia. Hapo ningesimama. Kila siku tangu siku ile najiambia, hapo ningesimama. Lakini mimi, badala ya kuuliza kwa nini mashine inakataa, nilimshuku mwanamke kwamba hajui kuandika neno alilolichagua mwenyewe. Nikamwambia, na nilikuwa nimeshaanza kukasirika, "Bonyeza vizuri, mara ya mwisho."

Akabonyeza. Taa ya diski ikawaka muda mrefu. Na ilipokuwa inawaka ndipo nilipokumbuka. Mwaka uliotangulia ile diski ya zamani ilianza kulia kama panya, nikanunua nyingine, nikahamisha kila kitu, ile ya zamani ikafa nikaitupa. Diski mpya ina namba yake. Lile faili lilijiona limeibiwa. Lilijikuta kwenye diski ngeni, limelazimishwa mara tatu, likafanya nililoliagiza. Nilichomoa waya ukutani, nikachelewa. Katika programu zote nilizowahi kuandika, ni hiyo tu iliyofanya kazi yake bila kosa hata moja.

Mama Mkubwa akauliza, "Imekwenda wapi?"

Nikamwambia.

Aliinuka kitini. Halafu akasema, "Maneno ya unyago nimempa yote, hayakupungua. Lakini sauti ya mamake mimi sina." Akavuta kanga yake akaondoka. Kesho yake ulipotolewa alisimama mahali pa mama yako, na akasema ya kwake.

Uliporudi nyumbani ukaniuliza kaseti ya mama iko wapi. Nami nikasema niliihamishia kwenye kompyuta, na radi imeipiga. Radi, Zainabu! Nachingwea, mwezi wa saba, mvua ya mwisho tumeiona mwezi wa tano! Ningesema umeme wa jenereta la mji ulipanda ghafla, hiyo ingekuwa habari ya kila wiki na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini nilibabaika, nikashika uongo uliokuwa karibu. Ulinitazama, ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukasema, "Pole, Baba." Mpaka leo sijui kama uliniamini au ulinionea huruma.

Kwa hiyo ukiipeleka hiyo diski kwa wataalamu hawatakuta kitu kilichoungua. Watakuta sifuri zimepangwa safi mstari kwa mstari, na watakuambia kwamba hii si radi, hii ni kazi ya mtu. Sikutaka uambiwe hayo na mgeni. Ukitaka kuiacha, iache. Ukitaka kwenda nayo, nenda nayo, ila usiiwekee matumaini. Na kanga ni yako kwa vyovyote.

Limebaki jambo moja, na hili hata Mama Mkubwa halijui. Siku zote nimesema sikusikia hata neno moja la ile kaseti. Si kweli. Nilipokuwa naiingiza kwenye kompyuta ilinibidi nipime sauti isije ikakwaruza, kwa hiyo nikaacha spika wazi mwanzoni. Alikohoa kwanza. Kuku wa jirani alikuwa anapiga kelele. Halafu akaita jina lako, "Zainabu," akanyamaza, akaita tena, "Zai," vile alivyokuwa akikuamsha kwenda shule, kama mtu asiye na haraka. Nikasubiri linalofuata. Lililofuata alilisema kwa sauti nyingine kabisa, ile ya jikoni:

"Baba Zai, najua umekaa hapo. Toka."

Nilizima spika, nikatoka nje, nikakaa kizingitini mpaka kaseti ilipokwisha.

Baba yako